Hatua Kumi na Tano

Jumamosi ya tarehe nne Novemba, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, kulungu dume alichomoka msituni na kujirusha mbele ya gari la Marlys Halvorsen. Marlys alikuwa anatoka kanisani, bakuli tupu la saladi ya viazi liko kwenye kiti cha pembeni. Hakufika nyumbani.

Mumewe, Verlyn, alikuwa anawinda kwenye msitu huohuo. Alifika pale kabla ya polisi, kwa miguu, anahema, taa ya kichwani inawaka. Watu wakasema ni mapenzi.

Tangu siku hiyo alichukia vitu viwili. Cha kwanza ni idara ya wanyamapori, wale wa mjini wenye viti vya kuzunguka, waliopunguza vibali vya kuwinda mpaka kulungu wakajaa barabarani kama kuku. Cha pili ni upinde wake wa kisasa, ule wenye roda mbili, nyaya na darubini ya kulengea. Wiki ya mazishi aliutia guniani kama anayetupa panya aliyeoza, akampa Gaylen, mdogo wake Marlys, pamoja na podo na mishale mitano.

Sasa ilikuwa imepita miaka miwili. Verlyn alikuwa gereji kwake, anachonga upinde wa mti kwa kisu, maganda yanamwangukia viatuni. Gaylen alikuwa ametoka kuwinda. Aliketi kwenye ndoo, ule upinde wa roda miguuni pake.

"Shemeji, hicho ni kijiti cha kuanikia soksi," alisema Gaylen. "Mimi kwa huu nampiga kulungu hatua sitini, huku natafuna soseji."

"Ndiyo maana upinde huo unanitia kinyaa. Unamdanganya mtu. Unaona kidoa kwenye darubini, unafyatua, hata hujui umempiga wapi." Verlyn alitema mate kwenye maganda. "Huu wa mti haukupi ujinga huo. Hatua kumi na tano. Akiwa mbali zaidi, unamwacha aende zake."

"Na ukishampiga? Wewe utakaa nusu saa, kama mwindaji anavyotakiwa, umwache alale afe, ndiyo ufuate damu? Dada alikuwa anasema hata kahawa huingoji ipoe. Kila asubuhi unajiunguza ulimi."

 Kisu cha Verlyn kilisimama, kikaendelea.

Gaylen akamsogezea kipande cha soseji ya kulungu. "Onja basi."

"Toa hiyo takataka mbele yangu."

Alikuwa hajaigusa nyama ile tangu msiba.

Alhamisi kungekuwa na mkutano kwenye ukumbi wa kata. Verlyn alitaka jambo moja kabla hajazikwa kando ya mkewe: idara isimame mbele ya watu, isaini kwamba uzembe wao ndio uliomuua Marlys. Kuandika hakukuwa kazi yake, aliacha shule mapema, kwa hiyo barua ya kwenda idarani aliandikiwa na Gaylen.

Gari la idara liliingia uani. Akashuka Bi Pekkala, ofisa wa wanyamapori, kabeba boksi. Viatu vyake havikuwa na tone la tope. Verlyn aliviangalia viatu vile kama mtu anayeangalia funza kwenye jibini.

"Umekuja kusaini?"

"Mzee Halvorsen, barua yenu ilidai tulete kila kitu tulichonacho kuhusu ajali ile."

Verlyn alimgeukia shemeji yake. "Nani alikutuma uandike walete kila kitu? Nilikwambia wasaini, basi."

"Niliongeza makali kidogo, shemeji. Hawa usipowabana wanakuona zuzu."

Bi Pekkala aliweka boksi kwenye meza ya kuchongea. Akatoa picha. Akatoa karatasi za vipimo. Mwisho akatoa mfuko mrefu wa plastiki.

"Yule kulungu tulimpasua kupima ugonjwa," alisema. "Hiki kilikuwa tumboni mwake. Jeraha lilikuwa bichi. Wataalamu wanasema alipigwa dakika chache tu kabla ya kugongwa na gari. Hakupewa nafasi hata ya kulala chini. Kuna mtu alikuwa anamfukuza."

"Miaka miwili mmekaa nacho?" Gaylen alisimama. "Miaka miwili, kwenye droo?"

"Hakuna aliyeuliza."

Gaylen alimgeukia Verlyn, akingoja yale matusi ambayo kata nzima ilikuwa imeyazoea. Kisu cha Verlyn kilikuwa kimezama kwenye upinde wa mti na kuupasua katikati, na mkono wake bado ulikuwa unakisukuma.

Gaylen akaushika ule mfuko, akauinua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na mshale mweusi uliovunjika vipande viwili. Mkiani ulikuwa na mapezi matatu ya plastiki, mawili ya rangi ya chungwa na moja jeupe.

Akainama pole pole kwenye upinde uliokuwa miguuni pake, akaligeuza podo lililofungwa ubavuni mwake. Mishale mitano. Kila mmoja, mapezi mawili ya chungwa, moja jeupe. Nafasi ya sita ilikuwa tupu, kama ilivyokuwa siku ile podo lilipotoka guniani.

"Shemeji," alisema, "huu wa sita uliniambia ulipotelea wapi?"