Mteja Asiyetazama Kioo

Mteja hakutazama kioo hata kidogo.

Hilo lilimshangaza mtaalamu wa rangi, ambaye kazi yake ni kuwapimia watu vitambaa shingoni ajue rangi gani ya nguo inawapendeza, maana wateja wake wote, wake kwa waume, wakishakaa kwenye kile kiti cha dirishani huwa hawabanduki kiooni. Huyu mama wa makamo aliacha kikapu chake cha nyuzi na sindano za kufumia mlangoni, akavishwa kofia nyeupe iliyoficha nywele zote, akakaa na uso mtupu bila hata poda. Akitandikiwa kitambaa shingoni, anamtazama mtaalamu. Kikiondolewa, anamtazama mtaalamu.

"Mama, kioo kiko huku."

"Kioo nimekizoea, mwanangu. Nataka wewe ndiye unione."

Basi wakaendelea. Chumba kizima kilipakwa kijivu ili ukuta usigombane na nguo, na vitambaa vilijaa kwenye kamba kama siku ya kufua. Waridi lilimfanya mteja aonekane anaumwa jino, likatupwa kando bila huruma. Zambarau ikamwongezea umri, nayo ikatimuliwa. Kijani cha majani mabichi kilipomkaa shingoni, wote wawili walishindwa kujizuia wakaangua kicheko. Mtaalamu alikuwa hajacheka hivyo kazini tangu afungue ofisi.

Kisha ikaja haradali, ile njano nzito inayoelekea kahawia, na mtaalamu akapiga kigelegele. Uchovu wote ulimtoka mteja usoni. Macho yakawaka, mashavu yakapata damu.

"Hebu ona maajabu! Rangi inakufufua wewe, halafu kwetu inamuua baba yangu. Ana sweta la rangi hiihii, analivaa mpaka kwenye jua kali! Akilivaa anageuka njano kama mgonjwa wa ini. Nimemsihi, nimelificha nyuma ya kabati, wapi! Na ukimuuliza kalitoa wapi, anajifanya hasikii."

Mteja alicheka mpaka kofia ikamvuka. Akafuta machozi kwa pindo la kitambaa cha watu.

"Labda linamtia joto," alisema alipopata pumzi.

"Joto gani, mama! Ukaidi tu." Mtaalamu alimrudishia kofia kichwani. "Haya, niambie. Kuna shughuli gani? Mtu haji kwangu hivihivi."

Mteja akaacha kucheka. Vidole vyake vikaanza kusokota pindo lile lile.

"Nimepata mchumba. Umri huu wangu, natembea barabarani nacheka peke yangu kama mwehu." Akatabasamu, kisha tabasamu likafifia. "Mimi na yeye tumeshaelewana. Ila ana binti, mtoto wake wa pekee, na amesema hatufungi ndoa mpaka binti aridhike kwa moyo mweupe. Mama yake alifariki. Naogopa akisikia habari yangu atanihesabu mtu niliyekuja kukalia kiti cha mama yake, na baada ya hapo hataona kingine. Akinikataa, sina pa kukata rufaa."

"Hajakufahamu bado?"

"Hajui hata kama nipo."

Mtaalamu alikunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Alimwelewa huyo binti, tena alimwelewa kuliko alivyopenda. Lakini alipoinua macho akamwona yule mama na kofia yake iliyokaa upande, macho yamejaa hofu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, huruma ikamshika. Nyuma ya huruma zikaja hasira.

"Sikiliza, mama. Huyo binti akileta nyodo, nipigie simu. Nitamkalisha kwenye kiti hiki hiki, nimpe vidonge vyake."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia, wewe dada, baba yako amepata mtu wa kucheka naye, unanuna kwa faida ya nani? Ulitaka azeeke akiongea na redio?" Mtaalamu alikuwa amepamba moto, anatikisa kitambaa cha waridi hewani. "Mtu kama wewe, mimi ningempokea kwa mikono miwili! Ningemwita mama siku hiyohiyo!"

"Kweli, mwanangu?"

"Haki ya Mungu."

"Hutageuka?"

"Mimi nikishasema, nimesema."

Mteja alishusha pumzi ndefu. Akavua kofia, akatengeneza nywele kwa viganja, na hatimaye akageukia kioo. Alijitazama na ile haradali shingoni, akajichekea kidogo. Hakuivua.

"Basi ngoja nikuambie," alisema huku akiinuka. "Mchumba mwenyewe nimekuja naye. Yuko hapo nje kwenye ngazi. Ameogopa kuingia."

"Mwanamume mzima anaogopa vitambaa!" Mtaalamu alipiga makofi kwa furaha. "Mwite basi, nimwone huyo mwenye bahati!"

Mteja alifungua mlango, akachungulia chini.

"Njoo," akaita, sauti ikitetemeka kwa kicheko. "Amekubali."

Nyayo zikapanda polepole, zikasita, zikapanda tena. Likatangulia kuingia sweta la haradali, na ndani yake, akitazama sakafu kama mtoto aliyevunja sahani, baba yake mtaalamu.