Mama wa Fulani

Nilimaliza riwaya ya Kiajemi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, nikaipekua upya nikitafuta jina la mwanamke inayemsimulia. Halimo. Aliitwa mama wa fulani, na fulani alipokufa akawa “yeye” tu.

“Hodi, Mama Ba...” Mama wa nyumba ya pili, jirani yangu kwa miaka kumi na miwili sasa, akalimeza lililobaki. Tangu tumzike mwanangu Badar, mtaa wetu mzima wa Ng'ambo hunimezea jina hivyo. “Nimekuletea uji, mwenzangu.”

Nilishika kalamu, na kila penye “yeye” nikaandika jina nililopewa na baba: Fakhria, Fakhria, nikikandamiza mpaka karatasi ikachanika.

Akaweka bakuli chini, akainamia kitabu.

“Huyu Fakhria,” akauliza taratibu, “naye kafiwa?”