Kijaa Chini ya Mtoto

Msimamizi wa bwana hakupekua nyumba. Alivuka kizingiti, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kitanda cha mtoto, akamwinua Hamo usingizini na kulifunua tandiko la majani makavu. Kijaa kilikuwa pale: mawe mawili ya kusagia kwa mkono, ambayo Hawisa alirithi kwa mama yake.

"Mtoto wako anaatamia, mama," msimamizi alicheka. "Tungechelewa kidogo angetotoa kinu kizima!"

Kila mtu kijijini Thornmere aliijua sheria: nafaka yote isagwe katika kinu cha maji cha bwana, na msagaji atwae sehemu yake. Mwaka ule mvua ilikuwa imeozesha mavuno. Sehemu hiyo ya msagaji ndiyo iliyokuwa uji wa Hamo.

Maficho aliyachagua Wimondi, mume wa Hawisa. "Nani atathubutu kumwamsha mtoto?" alisema, kisha akaondoka kwenda kufanya kazi ya lazima katika mashamba ya mbali ya bwana. Nje ya nyumba ile, aliyejua ni jirani mmoja tu, Goditha, ambaye naye alikuwa akija kusaga shayiri yake.

Hawisa alimkuta kisimani, katikati ya wanawake.

"Umeniuza, shoga."

"Mimi? Nikuuze wewe, halafu shayiri yangu niisage kwa meno?"

"Usinichezee! Bata wangu alipokula kabichi zako, uliapa utamkomesha mtu."

"Niliapa kumkomesha bata, Hawisa! Bata!"

Wanawake waliangua kicheko. Hawisa aliimwaga ndoo yake miguuni pa Goditha, akamwambia mbele ya wote asikanyage tena nyumbani kwake. Goditha, aliyempokea Hamo siku ya kuzaliwa, aliondoka na viatu vilivyolowa.

Unga ulipokwisha, Hawisa alijitwika gunia begani, akamweka Hamo kiunoni, akashuka mtoni. Msagaji mzee alikuwa amefariki majira ya kuchipua. Mpya alikuwa ameingia juma lile, na hakuna aliyekuwa amemwona. Njia nzima Hawisa aliyapanga maneno ya kumsihi apunguze sehemu yake, japo kwa ajili ya mtoto.

Alibisha hodi kwa nguvu, kwa kuwa gurudumu lilikuwa likinguruma. Mlango ulifunguliwa na mtu mweupe pepepe kwa unga, kuanzia nyusi hadi viatu. Hawisa aliinamisha macho kwa adabu.

"Bwana msagaji, nakuomba utuhurumie. Mume wangu yuko mbali, kijaa changu kimechukuliwa, na mtoto huyu..."

Mtu yule alirudi nyuma hatua moja, kivulini.

Hamo aliinyoosha mikono yake miwili kuelekea kivuli kile, akacheka.

"Baba!"