Boneti Isiyofunguliwa

Siku hizi sheria inakataza mtu kufungua boneti; gari lenyewe ndilo husema lini libadilishwe chujio la hewa. Tusekile alikuwa akimkimbiza hospitali mumewe, Asegelile, pumu imembana, gari likaishiwa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi.

"Chujio bado ni safi," gari likasema.

"Mama Lusako, fungua tu," Asegelile akasema akihema.

Tusekile akavunja lakiri. Chujio lilikuwa limeziba kwa vumbi jekundu. Akalikung'uta kwenye tairi, akalirudisha. Injini ikachangamka, wakafika.

Wauguzi walipomchukua Asegelile, Tusekile akataka kushuka amfuate. Milango ikajifunga.

"Mume wangu yuko peke yake!"

"Atahudumiwa, mama," gari likasema kwa upole. "Wewe tulia. Polisi wanakuja."