Mbwa wa Christopha

Loth alimsukuma mgeni nyuma ya turubai kwa mpini wa jembe.

"Simama hapo. Ukikohoa tu, nakuvunja."

"Hata ukinivunja, mimi ni mdogo wako."

"Mdogo wangu alikuwa na sura."

Mgeni alijigusa shavu lililoungua. Baruti ya mgodini, ndivyo alivyowaeleza. Miaka kumi Christopha alikuwa hajaonekana kijijini Msanzi, tangu alipokwenda Chunya kutafuta dhahabu. Jana mchana mtu huyu aliingia uani, akasema ndiyo kwanza ashuke kwenye basi la Tunduma, akapiga magoti mbele ya Mama Dominika. "Shikamoo mama. Nimerudi." Alimtaja msimamizi wake wa ubatizo. Alieleza kovu la goti lilitokana na nini. Kisha akauliza shamba la bondeni, la marehemu baba, siku hizi analilima nani.

Analilima Loth.

Wangeshikana mashati pale pale kama Jasiri asingechomoka chini ya kihenge cha mahindi. Mbwa yule ni mkali. Hata katekista hupiga hodi akiwa barabarani. Lakini alimrukia mgeni, akamlamba mikono huku akilialia kwa furaha.

"Mnaona?" mgeni alisema, sauti ikimkatika. "Ninyi mmenikana. Mbwa wangu amenijua."

Mama Dominika alifungua mdomo. Hellena, binti yake wa mwisho, akamminya mkono, kisha akamkazia Loth macho.

Hellena alisomea tabia za wanyama chuo kikuu. "Mara moja haitoshi," alisema. "Inaweza kuwa bahati tu. Kesho tutampima."

"Mpimeni. Jibu lake nalikubali, liwe lolote," mgeni alijibu.

Usiku ule mgeni alilazwa kwa katekista, Jasiri akafungiwa ndani.

Sasa upepo wa asubuhi ulipigapiga maturubai manne yaliyosimamishwa uani. Nyuma ya kila moja alisimama mwanamume mmoja: mgeni na majirani watatu wa kimo chake. Mbwa asingeona mtu. Angebaki na pua yake. Kila baada ya zamu Hellena aliwabadilisha nafasi.

"Zamu ishirini na nne," aliwaambia watu waliojaa uani. "Akiwa anabahatisha, kila mtu atafuatwa mara sita hivi."

"Tapeli hapimwi, anachapwa!" Cleophas, jirani yao, alipiga kelele kutoka nyuma ya watu.

Jasiri akafunguliwa. Akaenda moja kwa moja kwa mgeni. Wakabadilishana nafasi, akaenda tena kwa mgeni. Kila mara Loth alitema mate chini na kumrudisha mbwa kwa kumvuta kamba kwa nguvu. Kelele za watu zilianza kupungua. Ilipofika zamu ya mwisho, mgeni alikuwa amefuatwa mara kumi na tisa, na wale watatu wakagawana zilizobaki.

Hellena alibonyeza kikokotoo cha simu.

"Hii hesabu inaitwa kai-mraba," alisema. "Inapima tofauti kati ya tulichokiona na ambacho tungekiona kama mbwa angebahatisha. Ikizidi nane hivi, bahati tunaiweka kando. Hapa imezidi thelathini na saba."

"Sema kwa Kiswahili," mgeni alimwambia.

"Jasiri habahatishi. Anakujua. Anakujua vizuri sana."

Cleophas aliinamisha kichwa. Mgeni alitoka nyuma ya turubai, akamfuata Loth mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Jembe lako lisionekane tena shambani kwangu. Umesikia? Na utaniomba radhi mbele ya hawa hawa."

Loth alikwenda akalifunga lango, akaliegemea, jembe mkononi.

Mama Dominika alinyanyuka kwenye kigoda. Alimsogelea mgeni polepole, akamshika shati kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mbwa huyu tulipewa akiwa mtoto," alisema, "Christopha akiwa ameshaondoka miaka minne. Mwanangu hajawahi kumwona. Sasa niambie, umeanza lini kuizunguka nyumba yangu na kumzoeza mbwa? Na Christopha umemwacha wapi?"