Sauti Iliyobaki Melini

Kila mwanamuziki wa meli ya watalii anaijua sheria: mitambo ya sauti ikishajifunza sauti yako yote, inaimba yenyewe, na wewe unashushwa bandari inayofuata. Sauti inabaki mali ya meli.

Nilichosahau ni kwamba mitambo ilisikiliza hata tulipokuwa tunajaribu maiki. Wenzangu walihesabu moja, mbili, tatu. Mimi, kwa kukumbuka nyumbani, nilikuwa naongea na binti yangu kwa simu ya meli: "Saumu, umekula? Goti limepona? Usimfungulie mtu mlango mpaka mama arudi."

Jana mchana nilifika Tanga na begi langu, nikapiga hodi. Shangazi yake anayekaa naye alikuwa kazini. Ndani, Saumu alikuwa anacheka na simu.

"Nani?"

"Ni mimi, mama yako. Fungua."

Kisha akaiambia simu, "Mama, kuna mtu mlangoni anaongea kama wewe."

Nikaisikia sauti yangu ikimjibu, laini, haina hata mkwaruzo, kama ilivyokuwa siku ya kwanza nilipopanda meli.

"Usimfungulie, mwanangu. Haya niambie, goti limepona?"

Nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kikaegemezwa mlangoni.