Bendera za Kuchoma

Mwezi uliopita Tunu alishona bendera moja ya nchi jirani, ya kumpokea rais wao. Sasa afisa wa ikulu alimwekea mezani jora zima la kitambaa kilekile cha kijani.

“Arobaini, mama, kabla ya Ijumaa. Kila mtaa uwe na yake ya kuchoma.”

“Kwani jirani ametukosea nini?”

“Hajatukosea. Wanajeshi wetu wamegoma na unga haushikiki. Mheshimiwa anataka adui upesi, na huyu ndiye wa karibu.”

“Na daraja la mpakani?”

“Limefungwa leo asubuhi.”

Tunu alilitazama kapu lake lililokuwa tayari mlangoni. Ng’ambo ya daraja hilo binti yake alikuwa akingoja uchungu wa mimba ya kwanza, na kesho Tunu alikuwa avuke akampokee mjukuu.

“Usijisumbue na pindo,” afisa alisema akicheka. “Za kuchomwa hazipepei hata saa nzima.”

Alipoondoka, Tunu alishika mkasi. Kwenye kipande cha kwanza alikata kofia ya kichanga, akaikunja pindo mara mbili, akaishona taratibu, kisha akaivisha ngumi yake kuona kama itamtosha.